Nani Alikuita?

Watu wa Arusha wakishajua kwamba ninarusha ndege, mara nyingi swali lao la kwanza huwa ni lile la Desemba 2013, siku ambayo Boeing 767 ya Ethiopian Airlines, iliyokuwa ikielekea Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), ilitua hapa Kisongo, kwenye uwanja mdogo wa Arusha, katika njia ambayo haikujengwa kwa ajili ya ndege ya ukubwa ule. Kila mwenyeji ana picha yake kichwani ya dude lile likiwa limesimama majanini. Ninawaelewa wanaouliza, kwa sababu kosa la namna hiyo huonekana na kila mtu, na likishaonekana huzungumzwa. Makosa yanayoninyima usingizi mimi hayaonekani. Hutokea ndege ikiwa imesimama, au ikitembea ardhini polepole kuliko daladala inayotafuta abiria Kilombero, na anayeyafanya huwa na uhakika kabisa kwamba kazi yake ameimaliza. Ninalisema hili kwa kuwa nililifanya mwenyewe.

Ilikuwa katika mwaka wangu wa kwanza kama rubani msaidizi, katika kampuni ndogo inayobeba watalii kati ya Arusha na viwanja vya mbugani. Tulikuwa na Cessna Caravan, ndege ya injini moja ambayo huku kwetu ndiyo punda wa kazi: hubeba watu, mizigo yao, mboga za kambini na wakati mwingine godoro. Kabla ya kila safari rubani huizunguka ndege kwa miguu, akiigusa na kuitazama kwa mpangilio usiobadilika. Huanzia mlangoni, huenda mkiani, hurudi kwa bawa la kulia, hufika puani kwenye injini, kisha humalizia bawa la kushoto. Katika kila bawa kuna mrija mwembamba unaotazama mbele, uitwao pito, ambao hupokea msukumo wa hewa na kuuwezesha mshale wa kasi kuonyesha ndege inakwenda kwa mwendo gani. Mrija huo hufunikwa ndege inapolala ili vumbi na wadudu wasiingie, na kifuniko chenyewe ni mfuko mdogo wa kitambaa chekundu wenye utepe unaoning'inia, umeandikwa kwamba uondolewe kabla ya kuruka.

Asubuhi ile niliondoa kifuniko cha kulia, nikakitia mfukoni, nikaenda puani, nikapima oili ya injini, nikafunga mlango wake. Hapo ndipo nilipoitwa. Mzee mmoja wa mizigo, mtu mwema ambaye amefanya kazi uwanjani tangu mimi nikiwa shule ya msingi, alisimama karibu na mizani akanipungia mkono. "Dada, njoo mara moja, hapa hatuelewani." Familia moja ya wageni ilikuwa imekuja na masanduku magumu yaliyozidi sana zile kilo 15 kwa kila mtu, na hayakubali kukunjwa ili yaingie katika tumbo la ndege. Nilikaa pale dakika nne, labda tano. Tulipunguza, tukapima tena, tukakubaliana sanduku moja lifuate kwa safari ya mchana. Nilipogeuka, abiria walikuwa tayari wanapanda na kapteni alikuwa anakuja na karatasi zake mkononi. Nilitazama ndege, nikauona mlango wa injini umefungwa, nikapanda.

Tukaanza kusoma orodha ya ukaguzi. Kapteni alisoma: "Vifuniko?" Nikajibu: "Vimeondolewa." Jibu hilo halikuwa uongo kwa maana ya kawaida ya uongo. Mkono wangu ulikuwa bado unakumbuka kile kitambaa cha kulia, na kumbukumbu ya kimoja ilitosha kunijazia viwili. Orodha iliulizwa kwa sauti, ikajibiwa kwa sauti, na mtu ambaye angesikiliza kanda ya maneno yetu asingepata kasoro hata moja.

Kwenye njia ya kurukia, kapteni aliongeza nguvu za injini, nami nilitakiwa kutamka kwamba mishale ya kasi imeamka pande zote mbili. Wa kwangu uliamka. Nikatupa jicho upande wake, na wa kwake ulikuwa umelala kwenye sifuri kana kwamba bado tumeegesha. Kabla sijamaliza kusema "mshale wako," mkono wake ulikuwa umeshavuta nguvu nyuma. Tulisimama kabla ya nusu ya njia, tukaomba mnara ruhusa ya kurudi, tukazima injini. Nilishuka nikaenda bawa la kushoto. Kifuniko kilikuwa pale, chekundu kilichopaushwa na jua hata kikawa na rangi ya waridi, na utepe wake ulikuwa umejisokota juu ya mrija wenyewe, hauning'inii tena, hauitishi macho ya mtu. Nilikivua mikono ikitetemeka.

Nilitarajia kuulizwa nimesahauje. Kapteni, mtu wa Machame aliyekaribia kustaafu, alikitazama kile kitambaa, akanitazama, akauliza, "Binti yangu, nani alikuita?"

Katika ofisi hakuna aliyeniuliza swali hilo. Nilipewa barua iliyonitaka niwe makini zaidi, na jambo likafungwa. Sina kinyongo na aliyeiandika, lakini ninaamini kwa dhati kwamba barua ya aina hiyo haimlindi abiria yeyote, kwa sababu asubuhi ile sikukosa umakini. Umakini wangu wote ulikuwa mizani. Nilipoutoa puani mwa ndege na kuupeleka kwenye masanduku, hakuna kitu wala mtu aliyenikumbusha niurudishe pale nilipouacha.

Tangu siku hiyo nimesoma taarifa nyingi za ajali, na kila ninapofungua moja ninamtafuta yule aliyeita. Katika mafunzo ya urubani huko duniani hupendwa kusimuliwa habari ya tarehe 30 Oktoba 1935, huko Dayton, Ohio, ndege ya majaribio ya Boeing ilipoanguka kwa sababu kufuli la usukani wa mkiani halikuwa limefunguliwa, na marubani wa jeshi la Marekani wakaamua kwamba kumbukumbu ya mtu haitoshi tena, lazima iandikwe kwenye karatasi. Ni habari nzuri, lakini inaishia pale karatasi inapozaliwa. Mimi ninataka kujua karatasi ilipatwa na nini baadaye.

Nairobi ndiyo iliyo karibu nasi zaidi. Tarehe 20 Novemba 1974 asubuhi, Boeing 747 ya Lufthansa, safari namba 540 kutoka Frankfurt kwenda Johannesburg, iliondoka Nairobi ikiwa na watu 157. Ukingo wa mbele wa mabawa ya 747 una sehemu zinazochomoza wakati wa kuruka, slati, ili bawa liweze kuinua ndege kwa mwendo mdogo, na katika ndege ile zilisukumwa na hewa yenye mgandamizo inayotoka kwenye injini. Vali za hewa hiyo zilikuwa zimebaki zimefungwa. Slati hazikutoka, na hakuna kengele iliyolia. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na ndege iliyonyimwa slati katika hewa hiyo haina cha kushikilia. Iliinuka kidogo, ikatikisika, ikaanguka umbali mfupi kupita mwisho wa njia. Watu 59 walifariki. Hiyo ndiyo ajali ya kwanza ya 747 iliyoua abiria, na ilitokea mahali ambapo mtu akiruka kutoka KIA anafika kwa muda usiotimia saa moja. Nikifundisha marubani wapya ninaanza na Nairobi, kwa sababu wanaijua njia ile na wameyaona majani yale, na habari ikiwa ya nyumbani hawaisikilizi kama ngano ya mbali.

Miaka 13 baadaye, tarehe 16 Agosti 1987, ilikuwa Detroit. Ndege ya shirika la Northwest, MD-82, iliruka bila kushushwa flapu, yale mabapa ya nyuma ya bawa yanayosaidia ndege kuinuka, na waliokufa walikuwa 156, wawili kati yao wakiwa ardhini. Kati ya waliokuwemo ndani alinusurika mtoto mmoja wa kike wa miaka 4. Wachunguzi walikuta kwamba orodha ya kusomwa ndege ikiwa inatembea kuelekea njia ya kurukia haikusomwa. Lakini ukisoma kilichotangulia, unaona jinsi wale marubani walivyoitwa huku na huku. Waliondoka maegeshoni, wakabadilishiwa njia ya kurukia kwa sababu ya upepo, ikawalazimu kuhakikisha upya kama uzito wao unafaa kwa njia fupi zaidi, wakapitiliza kona waliyotakiwa kukunja, wakaanza kuulizana wako wapi. Wakati wa kushusha flapu ulifika na kupita katikati ya vurugu hiyo. Kengele ambayo ingewaonya haikulia kwa kuwa haikuwa na umeme. Karatasi ilikuwa karibu na mikono yao muda wote.

Dallas, mwaka uliofuata, tarehe 31 Agosti 1988, inaniuma kwa namna nyingine, kwa sababu humo najisikia mwenyewe. Boeing 727 ya Delta ilikaa muda mrefu kwenye foleni ya kuruka, na kinasa sauti kiliwakuta marubani wakiongea na mhudumu wa ndege juu ya mambo ya kila namna. Baadaye orodha ikasomwa, tena kwa utaratibu. Flapu? Rubani msaidizi akajibu kumi na tano, kumi na tano, taa ya kijani. Flapu hazikuwa kwenye kumi na tano. Watu 14 kati ya 108 walifariki. Jibu lile ni ndugu wa "vimeondolewa" yangu: mdomo umelizoea swali kiasi kwamba haungoji tena jicho lirudi na habari. Mwaka 1990 watafiti Asaf Degani na Earl Wiener, katika kazi waliyoifanya kwa ajili ya NASA, waliandika juu ya jambo hilihili, kwamba jicho la mtu aliyezoea huona kile linachotarajia kukiona. Na Madrid, tarehe 20 Agosti 2008, ndege ya Spanair iliporudishwa maegeshoni kwa hitilafu ya kipimajoto kisha ikaondoka tena kwa kuchelewa, kapteni alikatiza orodha pale pale ilipofikia flapu, akimwambia mwenzake aombe ruhusa ya kuanza kutembea ardhini. Flapu zikabaki hazijashushwa. Waliofariki ni 154.

Marekani walikuwa na kanuni tangu mwaka 1981 inayokataza mazungumzo na shughuli zisizohusu usalama ndege inapotembea ardhini, inaporuka, inapotua, na wakati wowote inapokuwa chini ya futi 10,000 kabla haijatulia angani. Dallas ilitokea kanuni hiyo ikiwa na miaka saba. Sisemi haifai, ninaifuata na ninaidai. Ninachosema ni kwamba inaanza kufanya kazi magurudumu yanapoanza kuzunguka, ilhali saa ya hatari kwa rubani wa Caravan pale Kisongo ni ile nusu saa ya kabla, akiwa peke yake kwa miguu kati ya mizani, gari la mafuta, kiongozi wa watalii na simu ya meneja.

Vifuniko vilivyosahauliwa si vya ndege ndogo peke yake. Tarehe 18 Julai 2018 Airbus A330 ya Malaysia Airlines iliruka kutoka Brisbane usiku ikiwa na vifuniko kwenye mirija yake yote ya pito. Viliwekwa kwa sababu nyigu wa pale hujenga vichuguu vya tope ndani ya mirija hiyo kwa muda mfupi. Fundi aliipita, rubani aliizunguka, na bado iliruka bila mshale wa kasi wa kuaminika, ikarudi ikatua salama. Mwaka 2021 Heathrow, Boeing 787 ya British Airways ililala kifudifudi maegeshoni baada ya pini ya kufunga gurudumu la mbele kuchomekwa kwenye tundu lililo jirani na tundu lake. Fundi kiongozi hakuwa na kimo cha kufikia, kwa hiyo alimwonyesha mwenzake kwa kidole, na mwenzake akachomeka pale alipodhani ameonyeshwa. Nimewaza sana juu ya kidole kile. Kazi nyingi ardhini hufanywa hivyo, kwa kidole, kwa "pale pale," kwa "si unajua."

Kuna ajali moja inayonikatalia. Tarehe 31 Mei 2014, Bedford, Massachusetts, ndege ya jeti aina ya Gulfstream IV ilikimbia njia nzima bila kuinuka kwa sababu kufuli la usukani halikufunguliwa, na wote 7 waliokuwemo walikufa. Hapo hapakuwa na mtu aliyewaita. Wachunguzi walipotazama kumbukumbu za safari 175 zilizotangulia, waliona kwamba katika 173 marubani wale wawili hawakuwa wamekamilisha jaribio la usukani ambalo lingelifichua kufuli. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na Bedford inanilazimisha nikiri kwamba kumzuia anayeita hakutoshi kwa rubani ambaye ameshaacha kuuliza. Hata hivyo, nikitazama jinsi mazoea hayo yanavyozaliwa, ninaona kila mara kuna siku ya kwanza, na siku hiyo mara nyingi ni ya haraka, ambapo kipengele kimerukwa na safari ikaenda salama, ikawa ushahidi kwamba kinaweza kurukwa.

Ugumu wetu hapa una sura ambayo sijaiona katika taarifa yoyote ya ajali. Mtoto aliyelelewa vizuri hampiti mtu mzima bila kumwamkia, na mtu mzima akimjibu humwuliza habari za nyumbani, na si adabu kujibu huku umempa mgongo. Asilimia kubwa ya watu wa mizigo pale uwanjani ni wa rika la baba yangu. Nikiizunguka ndege, mmoja atapita kushoto, nitasema shikamoo; mwingine atauliza mama anaendeleaje na mguu; wa tatu ataleta pole za msiba wa juzi. Rubani wa kigeni aliyewahi kufanya kazi nasi alitatua hilo kwa kutowajibu, na ndani ya wiki mbili hakuna aliyekuwa tayari kumwambia lolote, hata alipokuwa na tairi lenye upepo pungufu. Kunyamaziwa namna hiyo ni hatari kuliko kuongeleshwa.

Yule kapteni wa Machame alinifundisha njia yake siku chache baada ya kosa langu. Fika mapema, alisema, uwasalimie wote, mmoja mmoja, mpaka salamu ziishe. Kisha chukua mfuko wa vifuniko, uushike mkono wa kushoto, uanze mzunguko. Mwenye mfuko mkononi hasemeshwi, ila kwa jambo la hatari. Ukiitwa ukalazimika kwenda, ukirudi unaanza upya mlangoni, hata kama ulibakiza bawa moja. Nilimuuliza kwa nini nisiendelee pale nilipoachia. Akanijibu kwamba swali hilo lina maana mimi bado ninaiamini kumbukumbu yangu.

Mzee wa mizigo aliposikia kilichotokea alikuja kuniomba radhi, nami nikaona aibu, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Hakuishia kwenye radhi. Tangu wiki ile, kabla injini haijawashwa, huja kusimama mbele kidogo ya bawa la kushoto, mbali na rafadha, akiwa ameshika vifuniko viwili, kimoja kila mkono, ameviinua juu ya kichwa hadi aliye kwenye kiti avihesabu na kumwonyesha dole gumba. Hakuna aliyemwagiza. Hana cheti cha usalama wa anga na jina lake halimo katika mwongozo wowote wa kampuni. Nikisoma kwamba hospitali ya Ifakara ilikuwa mojawapo ya nane duniani zilizojaribu orodha ya ukaguzi wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, na kwamba katika hospitali hizo kwa jumla vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009, ninamfikiria yeye, kwa sababu orodha ile pia ilimpa muuguzi nafasi ya kumsimamisha daktari.

Sasa mimi ndiye ninayekaa kiti cha kushoto. Wiki iliyopita, alfajiri, Meru ukiwa umejifunika wingu hadi mabegani, nilikuwa nimefika puani mwa ndege mfuko ukiwa mkononi, kiongozi mmoja wa watalii aliposhuka garini akaja kwa haraka. "Kapteni, samahani kidogo, wageni wangu..." Sikugeuka. Nilimsikia yule mzee nyuma yangu akimwambia taratibu, "Subiri, mwanangu. Ana mfuko mkononi." Nilimaliza bawa la kushoto, nikamkabidhi mzee mfuko, nikamgeukia kiongozi, nikamsikiliza hadi mwisho. Dakika chache baadaye tulikuwa tumejifunga mikanda, na rubani msaidizi, kijana aliyemaliza mafunzo mwaka huu, alikuwa na karatasi juu ya goti.

"Vifuniko?" nilisoma.

"Vimeondolewa," akajibu, macho yakiwa bado kwenye karatasi.

Sikuendelea na kipengele kinachofuata. Alisubiri, akaniangalia, kisha akainua macho kioo cha mbele, ambako mzee alikuwa amesimama mikono juu, tepe mbili nyekundu zikipepea kwenye upepo wa asubuhi.

"Viwili," akasema.